Dirisha la Ansel Pokorny

Jumatatu ya pili ya Septemba, saa mbili asubuhi, Lorne Tvedt alivuka uwanja wa majani wa Mtaa wa Walnut akiwa na mabegi mawili, feni ya mezani, na mto wa kulalia aliokumbatia kifuani. Alikuwa na miaka ishirini. Wanagenzi wengine kumi na mmoja waliokubaliwa na chama cha udugu cha wanafunzi wa chuo mwaka huo walikuwa na miaka kumi na minane, wametoka shule ya upili juzijuzi tu. Mmoja wao alimfungulia mlango akamwambia, "Karibu, babu. Miguu haiumi?"

Jina la Babu likamganda tangu pale. Hakulichukia. Mwaka wake wa kwanza chuoni ulikwisha bila mtu kumpa jina lolote. Mwenzake wa chumbani alihama wiki ya tatu, na tangu Oktoba hadi Mei Lorne alikula peke yake kwenye meza iliyokuwa karibu na mashine ya juisi, akisoma maandishi ya boksi la nafaka kana kwamba yangetoka kwenye mtihani. Alipokwenda kwao Minnesota likizoni, baba yake, dereva wa lori la kokoto, alimuuliza rafiki zake ni akina nani. Lorne alitaja majina aliyoyasoma kwenye milango ya majirani. Baba aliyarudia moja moja ili asiyasahau. Ndiyo maana mwaka wa pili Lorne alijipanga kwenye foleni na watoto, akaomba kuwa ndugu.

Kwa nje, nyumba ya chama hicho ilikuwa ghorofa tatu za matofali, na herufi tatu za Kigiriki juu ya baraza. Kwa ndani ilikuwa na vyumba mia mbili na kumi na vinne, maana kwa kila ndugu aliyekubaliwa iliota chumba kimoja zaidi. Mlango ulitangulia kuchipuka ukutani, kikafuata kitanda, na dirisha likaja mwisho. Madirisha hayo hayakutazama Mtaa wa Walnut. Kila moja lilitazama kwao mwenye chumba.

Kufikia adhuhuri milango kumi na mmoja ilikuwa imekwisha kutoka, rangi bado mbichi. Lorne alipita koridoni akichungulia. Kijana wa Florida alikuwa ameinama dirishani akichuma machungwa ya bibi yake, na harufu yake ilifika hadi ngazini. Chumba cha pili kilipitiwa na treni ya Chicago kila baada ya dakika sita, na pazia lilipepea. Cha tatu kiliingiza joto kavu la jangwani na sauti ya mbwa aliyemtambua bwana wake, akalia kwa furaha. Lorne alisimama kwenye kizingiti hicho muda mrefu, mkono juu ya moyo, kama mtu aliyeingia kanisani wakati wengine wanasali.

Chumba chake hakikutoka.

"Usijali, Babu," alisema Garrick Sloane, mwenyekiti, kijana wa mwaka wa nne aliyepiga pasi hata suruali za kaptura. "Wa mwaka wa kwanza chumba huchipuka kama uyoga. Wa mwaka wa pili nyumba husitasita kidogo. Haijui ikuweke wapi."

Lorne akalala kwenye kochi la sebuleni, chini ya ngazi. Mchana ule walimwita mezani. Walimsogezea sahani, wakamtania kuhusu mvi na meno ya bandia, na yeye akacheka hadi machozi yakamlengalenga. Kwa siku nne hakula peke yake hata mara moja.

Siku ya Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini alasiri, alisikia mtu akipanda ngazi. Hatua zilikuwa nzito, za mtu aliyebeba kitu. Zilifika ghorofa ya tatu, zikageuka, zikashuka, zikapanda tena. Ngazini hapakuwa na mtu. Ndugu waliokuwa sebuleni walipunguza sauti ya televisheni, wakaendelea kutazama mpira. Ilipofika saa kumi na moja na dakika kumi, hatua zilikoma katikati ya ngazi, na mmoja wao akaongeza sauti.

Jumamosi asubuhi mlango wa Lorne ulikuwa umetoka, ghorofa ya tatu. Rangi yake haikuwa mbichi. Ilikuwa imepauka, na kitasa kilikuwa na kutu. Ndani mlikuwa na kitanda kilichotandikwa, shati la miraba limetundikwa nyuma ya kiti, na dirisha lenye pazia lililofungwa. Kola ya shati ilikuwa na jina lililoandikwa kwa wino: A. Pokorny.

Garrick alikuja akaangalia. Hakuvuka kizingiti.

"Nyumba haipotezi kitu," alisema. "Ilikuwa na chumba ilichokianza miaka saba iliyopita. Sasa imekimalizia kwako. Huyo Pokorny naye alikuwa wa mwaka wa pili."

"Yuko wapi?"

"Alifariki. Moyo." Garrick alinyoosha ukosi wa shati lake. "Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza shule ya upili wakati huo, Babu. Furahia chumba."

Lorne akafungua pazia. Hakuona mgodi wa chuma wala maziwa ya maji baridi ya kwao Minnesota. Aliona shamba la mahindi la Nebraska, limekauka tayari kuvunwa, refu hadi macho yanachoka, na anga lililoinama juu yake bila mlima wala mti wa kuliegemea. Karibu na dirisha palikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa buti za mvua, alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye kioo, akikipangusa kwa gazeti na siki. Pazia lilipofunguka hakurudi nyuma. Alimalizia kona aliyokuwa akiipangusa, kisha akaashiria kwa kidole kwamba afungue. Komeo lilikuwa upande wa Lorne, akalifungua.

"Wewe si Ansel," alisema yule mwanamke.

"Hapana, mama. Naitwa Lorne."

"Mimi ni Arlene Pokorny, mama yake." Alikunja gazeti. "Dirisha hili lilisimama hapa juma lile tulilomzika. Halina ukuta, halina nyumba, limesimama tu. Mume wangu hulima akilizunguka. Kila Jumamosi nalipangusa, labda ipo siku mtu atachungulia." Akamtazama usoni. "Umekula?"

"Bado, mama."

Akaingia ndani kwake, akarudi na mkate mtamu wa mbegu za mpopi umefungwa kwenye taulo, akampitishia dirishani. Ulikuwa wa moto. Huko saa zilikuwa nyuma kwa saa moja, kwa hiyo saa ya kifungua kinywa ilikuwa bado haijampita Lorne.

Juma lote lililofuata walizungumza. Mama Pokorny hakulia. Alipenda kujua mambo madogomadogo: ngazi ni za mbao au za zege, ndugu wanakula nini siku za Ijumaa, sebule inaingia hewa? Barua aliyoandikiwa miaka saba iliyopita ilisema mwanawe alianguka akifanya mazoezi kwa hiari yake. "Ansel mwenyewe," alisema, "alikuwa akikaa chini kufunga kamba za viatu. Mazoezi gani hayo?"

Lorne akaenda jikoni kutafuta jibu. Mpishi, Bi. Odessa, mwanamke mweusi wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa amepika katika nyumba ile miaka kumi na tisa. Alikuwa akimenya viazi, na aliendelea kumenya.

"Unaliona jiwe lile pale mlangoni?" alisema. "Wanaliita la waasisi. Kila mwanagenzi hulibeba kutoka hapa hadi juu na kurudi, mpaka aimbe beti zote tisa za wimbo wao bila kukosea. Maji hapewi mpaka amalize. Siku ile joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Yule kijana alikuwa akikwama ubeti wa saba. Kila mara ubeti wa saba. Alipanda na kushuka mara sitini na moja, nilihesabu, kwa sababu alikuwa akipita hapa na kuniambia, 'Samahani, Bi. Odessa.' Ya sitini na mbili hakuifikisha juu. Wakamlaza kwenye lile kochi. Mwenyekiti wa wakati huo akasema tusubiri, atazinduka tu. Tukasubiri saa mbili nzima."

"Nawe?"

"Niliambiwa niendelee kukaanga kuku." Alitumbukiza kiazi majini. "Nikakaanga. Nina watoto watatu. Usiniangalie hivyo, mwanangu, hakuna unachoweza kuniambia ambacho sijajiambia mwenyewe."

Usiku Lorne aliisogeza sahani pembeni. Ndugu walimgongea vijiko mezani, wakamwita Babu, wakamuuliza kama tumbo linasumbua kwa sababu ya uzee. Aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa vijana wazuri. Mmoja alikuwa amemwekea kipande cha mwisho cha keki ndani ya leso. Alijua kwamba akifungua kinywa mbele ya dirisha lile, meza hii itamfunga mlango, naye atarudi kwenye boksi lake la nafaka. Siku tatu alimweleza Mama Pokorny habari za ngazi, chakula na hewa, akaishia hapo.

Ijumaa ikawa siku yake ya jiwe. Lilikuwa na uzito wa kilo kumi na tano, na limelainika kwa mikono. Saa tisa na dakika arobaini Garrick alimwambia aanze. Lorne alipokanyaga ngazi ya kwanza, hatua za yule mwingine zikaanza pia, bega kwa bega naye. Wakapanda pamoja. Kwenye kona ya ghorofa ya pili alisikia pumzi, ya moto, upande wake wa kushoto, na mtu akinong'ona wimbo. Alifika ubeti wa saba, akakwama, akaanza tena. Lorne aliujua wimbo wote. Angeweza kumaliza mzunguko wa kwanza, akaoga, akawa ndugu kabla ya chai. Lakini kila mara yule mwingine alipokwama, ulimi wa Lorne nao ulikataa. Akapanda naye mara kumi, mara thelathini, mara hamsini. Ndugu waliokuwa wakipiga makofi wakaacha. Jasho likamwingia machoni, lakini ndani yake palitulia kabisa, kwa jinsi asivyopata kutulia tangu aje chuoni. Hakuwahi kutembea na mtu yeyote kwa karibu namna ile.

Mara ya sitini na mbili, katikati ya ngazi, pumzi ya kushoto ikakatika. Lorne akaliweka jiwe chini.

"Bado wimbo, Babu," alisema Garrick kutoka chini.

"Sitaimba," alisema Lorne. Akapanda chumbani kwake, akafungua komeo.

Mama Pokorny alikuwa akianua nguo. Alimsikiliza hadi mwisho akiwa amekaa juu ya kapu lililopinduliwa. Kisha akauliza maswali manne: saa ngapi, nani alikuwepo, aliomba maji? Na la mwisho, alikuwa anakwama neno gani. Lorne akamwambia neno lenyewe. "Hilo alikuwa akilikosea tangu mdogo," alisema Mama Pokorny, akainama akaendelea kukunja shuka.

Mama Pokorny aliandika barua nane kwenda chuoni. Mwezi Oktoba chuo kilituma kamati ya watu watatu. Walipima dirisha kwa futi, wakatoa mikono nje wakapapasa mahindi ya Nebraska, na mmoja wao, profesa mwenye kipara, akavua miwani akabaki akitazama anga hadi wenzake walipomgusa bega. Ijumaa walikaa sebuleni wakasikia hatua kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, wakaandika muda. Taarifa yao ilikuwa na kurasa sita. Ilisema kwamba upande wa pili wa dirisha hauko chini ya mamlaka ya chuo, kwamba ngazi ziko imara, na kwamba chumba kinahitaji king'amuzi cha moshi. Kuhusu jiwe, ilisema ni mazoezi ya hiari. Fundi alikuja siku iliyofuata akafunga king'amuzi.

Lorne hakuapishwa kuwa ndugu, na hakuna aliyemfukuza. Nyumba ilikuwa imekwisha kumpa chumba, na nyumba haikuwahi kumpokonya mtu chumba. Mezani viti vya kushoto na kulia kwake vilibaki vitupu. Baba yake alipopiga simu kuuliza habari za rafiki zake, Lorne alimwambia yuko mmoja, na mama wa huyo mmoja. Angeweza kuhama, lakini komeo lilikuwa la ndani, na dirisha lilihitaji mtu wa kulifungua.

Ijumaa ya kwanza ya Novemba, Mama Pokorny aliinua buti moja, akapitisha mguu dirishani, akaingia. Alivuka chumba, akagusa shati la miraba bila kulinyanyua, akashuka hadi kwenye ngazi ya katikati kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, akakaa. Pembeni aliweka glasi ya maji. Hatua zilianza saa ileile ya siku zote. Alihesabu kwa sauti, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kila zilipompita, upepo mdogo uliinua nywele zake, naye alifumba macho. Lorne alisimama juu ya ngazi, Bi. Odessa akasimama chini na kisu mkononi. Hesabu ilipofika sitini na mbili, glasi ilikuwa tupu, naye hakuwa ameigusa.

Tangu hapo alikuja kila Ijumaa. Ndugu waliokuwa wakipita walisema, "Samahani, mama," wakakanyaga pembeni. Walikuwa na adabu. Krismasi walimwekea mto wa kukalia.

Septemba iliyofuata Garrick alikuwa amekwisha kuhitimu. Mwenyekiti mpya alikuwa yule kijana wa Florida wa machungwa, ambaye nyumba ilimpenda sana. Ijumaa ya pili ya muhula, siku ya joto, alipanda ngazi, akachuchumaa mbele ya Mama Pokorny na kumwomba kwa upole asogee kidogo, wanagenzi wapate nafasi ya kupita na jiwe. Akasogea. Hatua zikaanza, na bega kwa bega nazo akapanda mwanagenzi wa kwanza, mvulana wa miaka kumi na minane; kufikia mzunguko wa nane midomo ilikuwa imemkauka. Mama Pokorny akamnyooshea glasi.

Mvulana alisimama, jiwe kifuani, akaitazama. Kisha akatazama chini alikokuwa mwenyekiti.

"Asante, mama," alisema. "Bado sijaruhusiwa."

Akaendelea kupanda. Mama Pokorny akaiweka glasi magotini, akaanza kuwahesabia wote wawili.