Kazi ya Kutojua

"Sema kwa sauti, mama. Chochote kinachokupitia kichwani."

"Naona kijumba hapa pembeni," mwanamke alisema, kidole kikielea juu ya simu. "Najiuliza nani anakaa humo."

Vijana waliokuwa upande wa pili wa meza waliangua kicheko. Binti mbunifu, aliyekichora kijumba kile, alijifunika uso kwa viganja. "Hakai mtu, mama. Ukikibonyeza unarudi mwanzo."

"Sasa si mngeandika 'rudi mwanzo'?"

"Haya, tumesikia," msimamizi alisema, akabandika kikaratasi cha njano ukutani.

Kazi ya mwanamke yule ilikuwa kutojua. Ofisi ilikuwa ikitengeneza programu ya simu ya kuweka miadi ya hospitali, ili wagonjwa wasipange foleni tangu alfajiri, na ilihitaji watu ambao hawajawahi kutumia simu janja. Yeye alikuwa amepiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli mpaka alipostaafu. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekomaa kwa joto, hata skrini ikawa haimsikii. Alibonyeza na kubonyeza, na simu ikakaa kimya kama mtu aliyenuna. Vijana wakamwita Mama Kidole. Kwa ajili yake vitufe vilikuzwa na maneno yakafupishwa.

Nyumbani hakukuwa na wa kumwita jina lolote. Mumewe alikuwa marehemu, mwanawe alikuwa mbali na mwenye haraka, na majirani walikuwa watu wa kufunga milango. Huko nako alikuwa ameanza kusema kwa sauti, bila kuombwa. "Sasa nabandika maji. Sasa natafuta kiberiti, hivi nilikiweka wapi?" Hakuna aliyebandika kikaratasi.

Kwa hiyo alipogundua kwamba ameanza kujua, aliingiwa na hofu. Alikuwa ameshuhudia yaliyompata fundi viatu, aliyeitwa kujaribu programu kama yeye. Siku alipoweka miadi mwanzo hadi mwisho bila kusita, msimamizi alisimama. "Mzee, umefuzu! Sasa hutufai tena!" Wakacheka, wakampa soda, wakampigia makofi hadi mlangoni. Hakuonekana tena.

Ndipo binti mbunifu alipoleta ukurasa mpya, kazi yake ya wiki nzima. Ulikuwa mweupe, mtulivu, na chini yake kitufe kimoja kipana: *Chagua siku*. Mama Kidole alielewa kabla kidole hakijafika. Akakirudisha.

"Hapa nimepotea," alisema.

"Umepotea wapi, mama?" Binti aliinama karibu naye, mabega yao yakagusana.

"Hapa. Siku... ndiyo siku gani?"

Msimamizi alishusha pumzi. "Mama Kidole akipotea, mji mzima umepotea. Ondoa."

"Lakini, kaka..."

"Ondoa, dada. Weka kalenda yote waione."

Siku ile walikaa naye muda mrefu kuliko kawaida. Walimuuliza hili na lile, wakamwongezea chai, wakaandika kila alichosema. Alirudi nyumbani ameshiba maneno, ila hakuweza kumsahau binti yule, jinsi alivyofuta ukurasa wake taratibu, kama anayekunja nguo ya mtu aliyesafiri.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni mpya, mzee aliyekuwa bawabu wa shule. Msimamizi alimwomba Mama Kidole akae kando yake, amtie moyo. Kwanza mama alilitazama shati la mzee. Mkono mmoja ulikuwa na mikunjo miwili iliyokimbizana. Aliyelipiga pasi ni mwenyewe, na hakuwa na wa kumwelekeza.

Simu ilifunguliwa kwenye kalenda. Skrini nzima ilikuwa imejaa vijisanduku, vidogo kama punje za mchele.

"Sema kwa sauti, mzee. Unaona nini?"

Mzee alitazama.

"Naona nimezeeka tu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Alijaribu kutabasamu. "Mniwie radhi, wanangu. Mimi si mtu wa vitu hivi. Nawapotezea muda." Akaanza kupapasa chini ya kiti, akitafuta kofia yake.

"Kaa, kaka," Mama Kidole alisema. "Kosa si lako."

Wote walimgeukia.

"Ule ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri. Niliuelewa palepale. Nilisema nimepotea kwa sababu..."

"Kwa sababu gani, mama?" binti aliuliza, kwa sauti ya chini.

Muda wote huo alikuwa akiombwa aseme kila kinachompitia kichwani, na alisema. Hili sasa halikutamkika. Alitazama vikombe vya chai, vikaratasi vya njano, nyuso zile changa zilizomwelekea.

"Mnaongea vizuri humu," alisema mwishowe.

Binti alivuta kompyuta yake, akaurudisha ukurasa ule mweupe, akasogeza simu mbele ya mzee. Mzee alisoma akichezesha midomo. Alibonyeza. "Ala! Imekubali!" Akacheka kama aliyetekenywa, na vijana wote wakamwinamia yeye, wakimuuliza amefikiri nini, amejuaje.

Msimamizi alimsindikiza Mama Kidole mpaka mlangoni. "Hatuna kinyongo, mama. Ila kanuni unaijua."

"Naijua, mwanangu. Sasa najua mambo mengi mno."

"Utakuja kutusalimia?"

"Nitakuja," alisema, kama watu wanavyosema.

Programu ilipotoka, aliiweka kwenye simu janja aliyojinunulia, bila msaada wa mtu. Ilikuwa mchana, mvua ikinyesha, na yeye hakuwa mgonjwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaifungua.

*Karibu. Leo tukusaidie nini?*

Chini yake vitufe vilijipanga, vipana, kila kimoja na neno lake fupi. *Daktari. Dawa. Vipimo. Majibu.* Alivisoma kimoja kimoja hadi cha mwisho, akapanda tena juu, akashuka tena. Mwanga wa skrini ulianza kufifia. Akaigusa kabla haijazimika, na swali likang'aa upya, likimsubiri.