Barua ya Tatu ya Maman Georgette

Tangu asubuhi maman Georgette alikuwa akipiga chapa barua ya kujishtaki mwenyewe, na kila alipokaribia mwisho kompyuta ilizimika. Ndivyo mambo yanavyokwenda katika ofisi yenye katibu mmoja: préfet, yaani mkuu wa shule, anaandika kwa kalamu, katibu anapiga chapa, hata kama anayeandikiwa ni yeye. Ilikuwa demande d'explication, ile karatasi ya kumtaka mfanyakazi ajieleze kwa maandishi, na ilikuwa ya tatu. Katika shule ile ya parokia, kuanzia walimu hadi mlinzi wa geti, kila mtu anajua kwamba ya tatu ikishatiwa sahihi, kinachofuata ni kufungasha virago.

Venant alisimama mlangoni na mkoba wake wa bisibisi, akatamani angekuwa mahali pengine popote, hata Luvungi kwenye jua la kuchoma utosi.

Fundi ni yeye. Wiki tatu zilizopita ndiye aliyeifungia kompyuta hiyo feni na radiata mpya, kipande cha alumini cha kuipoza. Ilipoanza tena kuzimika, préfet alimpigia simu, naye akajibu akiwa juu ya pikipiki, njiani kwenda Mumosho kwa mteja mwingine: kosa ni la kile kitambaa cha kufuma ambacho maman Georgette amekitandika juu ya mashine, kinaizibia pumzi. Maneno ya nusu dakika. Hakuja hata kuangalia. Préfet naye hakuuliza mara mbili. Barua ya kwanza ilitoka siku ileile. Maman Georgette akaondoa kitambaa, kompyuta ikaendelea kuzimika, préfet akasema bila shaka mama huyo anakirudisha kila yeye préfet akitoka. Ikaja ya pili.

"Jambo, Venant," maman Georgette alisema bila kugeuka. "Ona, imezima tena. Nilikuwa nafika ku mustari ya mwisho."

"Jambo, maman. Na kitambaa?"

"Iko kwangu, mu kabati. Tangu siku ya barua ya kwanza haiyarudi hapa. Lakini nani ataniamini?"

Venant aliingia. Alivuta kompyuta, akafungua ubavu wake, akaanza kuhangaika nayo. Aliangusha skrubu, akaitafuta chini ya meza, akaiangusha tena. Upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba kilichonuka rangi mbichi, kompyuta kumi na mbili za wanafunzi zilikuwa bado kwenye maboksi, na préfet alikuwa amekwisha kumwahidi kwamba yeye ndiye atakayezitunza. Kwa fundi aliyezoea kukimbizana na mteja mmoja Kadutu na mwingine Bagira, hiyo ilikuwa kazi ya kumtuliza miaka.

Vumbi hakuliona, maman Georgette alipangusa kila kitu, hata nyaya. Feni ilizunguka vizuri. Akawasha, akaingia kwenye ukurasa ule wa mwanzo unaoonyesha joto la prosesa, akatazama namba zinavyopanda. Sabini. Themanini na tano. Tisini na sita. Akakigusa kile kipande cha alumini kilichokaa juu ya prosesa, akiwa tayari kuondoa kidole haraka asiungue.

Kilikuwa baridi. Baridi kama sahani iliyotoka kabatini.

Kazi ya radiata ni kunyonya joto la prosesa na kulikabidhi kwa feni. Chini pakiwa panawaka na juu pakiwa baridi, kuna kitu katikati kimeziba njia. Alizima, akafungua skrubu nne, akaigeuza radiata kwenye mwanga, na hapo akaona alichokuwa amekwisha kukijua: nailoni nyembamba, angavu, imebandikwa vizuri kwenye uso wa chini, na juu yake dawa ya kijivu ya kupitisha joto aliyoipaka yeye mwenyewe, kwa ustadi wote.

Mtu asimcheke haraka. Kwa miaka kumi na mitano Venant alifunga radiata za okazi tu, zilizong'olewa kwenye mashine zilizokufa Ulaya zikaletwa kwa makontena. Hii ilikuwa ya kwanza mpya maishani mwake. Na Bukavu, kitu kipya hakivuliwi nailoni. Makochi yake mwenyewe bado yana nailoni, mgeni akikaa yanalia. Rimoti ya televisheni ya mkewe Francine iko ndani ya nailoni, simu yake vilevile. Siku ile aliiona ile ngozi ya kung'aa, akafurahi kwamba hawezi kuambiwa ameleta okazi, akaibonyeza kingo zisije zikabanduka. Kwa hiyo hakuisahau. Aliilinda.

Maman Georgette alikuwa dirishani akipekua mafaili. Venant alibandua nailoni, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akafuta, akaweka dawa mpya kiasi cha punje ya mchele, akafunga. Akawasha. Arobaini na moja. Akangoja dakika kumi, mguu ukicheza chini ya meza. Arobaini na mbili.

"Imepona?" maman Georgette aliuliza.

"Imepona, maman."

Alikuwa na jibu tayari kwa préfet: nimeisafisha, kitambaa kiliijeruhi lakini nimeiokoa. Nani angejua? Maman Georgette alirudi kitini, akaanza tena barua yake, na sasa kompyuta haikuzimika. Ilikwenda mstari kwa mstari hadi nafasi ya sahihi ya préfet. Printa ikanguruma, ikatoa karatasi. Venant aliitazama ikitoka, akajiona mjinga na mbaya kwa pamoja. Mashine mbovu ndiyo iliyokuwa inamtetea yule mama tangu asubuhi.

"Kabla hauyaenda," maman Georgette alisema, akamnyooshea karatasi nyingine iliyoandikwa kwa mkono, "unisomee hii. Ni majibu yangu. Uone kama maneno ya mashini iko sawa."

Kilikuwa Kifaransa kizuri cha kufundishwa na watawa. Aliomba radhi kwa uongozi wa shule. Aliomba radhi kwa wazazi wa wanafunzi. Chini kabisa aliomba radhi kwa fundi Venant, ambaye kazi yake nzuri aliiharibu kwa ujinga wake.

Venant aliisoma mara mbili. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Aliingiza mkono mfukoni, akaiweka nailoni juu ya meza.

"Maneno iko sawa, maman. Lakini si nyinyi. Ni miye. Hii nilikuwa nimeiacha chini ya radiateur, njo ilikuwa inazuia joto. Kitambaa haikufanya kitu."

Maman Georgette aliitazama nailoni, kisha akamtazama yeye, na alipoongea sauti ilikuwa ya chini sana.

"Miye nilikuamini, Venant. Nilienda kuambia batoto kwa nyumba: mama yenu aliharibu mashini ya batu. Kila siku naamuka nikijichukia."

Préfet Stanislas aliingia na kalamu mkononi, tayari kutia sahihi. Venant alimwambia yote, akisimama wima kama mwanafunzi, na hakutafuta pa kujifichia. Préfet alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Zile kumi na mbili, nitatafuta fundi ingine," alisema. "Maman Georgette, pasua ile barua. Basi, iishe."

"Haiishe, Papa préfet. Zile mbili za kwanza ziko mu dossier yangu." Aliinuka, akamvutia Venant kiti chake. "Ikala. Andika vile umesema."

Venant akakaa. Aliyejua matumbo ya kompyuta mia alitafuta herufi moja moja kwa vidole viwili, jasho likimtoka, na maman Georgette nyuma yake akimwelekeza: tarehe, halafu ruka mstari, halafu anza. Aliandika kwamba yeye, fundi, ndiye aliyekosea, na kwamba alimsingizia maman Georgette.

"Toa ile neno maman. Weka jina yangu muzima, vile iko ku zile mbili."

Vidole vikasimama. Wiki zote hizi amemtupia mtu huyu lawama, miaka mingapi wamesalimiana, na hakulijua.

"Jina yenu muzima ni nani?" aliuliza.

Alimtajia, Georgette Nsimire M'Zagabe, polepole, herufi kwa herufi, na hakuondoka nyuma yake mpaka barua ilipokwisha.