Vumbi la Upande wa Kushoto

Jumapili ya mechi ya mwisho ya msimu, Sadakichi alifika uwanjani saa saba mchana. Mkewe Fumie, aliyekufa miaka mitatu nyuma, alikuwa ameshakaa nyuma ya uzio wa kushoto pamoja na wafu wenzake sitini wa kiwanda cha asbesto. Mlangoni walikuwa wamekatiwa tiketi kama watu wote.

"Umechelewa, baba," Fumie alisema.

"Treni zimejaa. Sogea."

Timu ya besiboli ilikuwa mali ya kiwanda. Sadakichi alikichukia kiwanda na kuishangilia timu, maana mkurugenzi alitamka mwenyewe: tukichukua ubingwa wa ligi, madai ya wagonjwa wa vifua tutayatazama. Sadakichi alitaka jambo moja tu, wakubwa waandike kwamba Fumie aliuawa na vumbi lao. Tangu Agosti timu ya kiwanda ilikuwa bega kwa bega kileleni na timu ya bandarini, na leo ndipo zilipokutana.

Awamu ya tisa, ya mwisho, sare, mchezaji mmoja wa kiwanda akisubiri kituo cha pili. Tarumbeta zikalia. Wafu wakasimama kumwimbia mpigaji, na kila walipofungua vinywa likatoka vumbi jeupe. Watu wa mbele wakapangusa kofia.

"Mama, geukia kule, nakula," jirani alimwambia Fumie.

"Niwie radhi. Nikifunga mdomo linazidi."

Mpira ukapigwa juu, kushoto. Mdakaji wa bandarini akarudi nyuma, akainua glavu, akaingia kwenye lile vumbi na kupiga chafya. Mpira ukaanguka kando ya kiatu chake. Yule wa kituo cha pili akakimbia mpaka kituo cha nyumbani, likawa bao la ushindi. Ubingwa wa ligi ukawa wa kiwanda.

"Leo umekifanyia kazi kiwanda," Sadakichi alisema.

"Nilikifanyia miaka kumi na tisa."

Jumatatu alikwenda ofisini, kofia mkononi. Wakubwa hawakuwepo; mambo kama hayo huachiwa makarani. Karani Okumiya alimpa chai.

"Madai tumeyatazama, mzee. Unasema kifua ndicho kilichomuua. Lakini jana nimemsikia kwa masikio yangu. Mwenye mapafu mabovu anaimba vile?"

"Na lile vumbi?"

"Uwanja gani hauna vumbi?"

 Okumiya akafunga faili.

"Jumamosi fainali za mabingwa wa nchi zinaanza. Mwambie mama awahi. Mkurugenzi ameagiza wakae kushoto vilevile, na waimbe kwa nguvu zaidi."

Sadakichi akainama, akashukuru kwa chai. Jumamosi Fumie aliwahi.