Tafsiri ya Victoire kwenye Barieri

Victoire aliianza safari ya Kasongo hadi Kabambare kwa raha zake. Yeye ni mwalimu wa Kiingereza, na mgeni aliyekuwa akimtafsiria, Daktari Stoyan, ni Mbulgaria mpenda maneno. Walipopumzisha pikipiki alimuuliza Kiingereza cha "give up" kwao husemwaje. Daktari akacheka. Ukiacha jambo ulilozoea, akasema, ni "otkazvam se". Ukiinua mikono mbele ya adui, ni "predavam se". Victoire akayarudiarudia, ulimi ukikwama, akijiona msomi kwelikweli.

Usomi huo ulimtoka kwenye kona ya mbele, walipokuta barieri: gogo limelazwa barabarani na watu wenye bunduki wamelikalia. Mkubwa wao alitaka sanduku la chanjo walilokuwa wakilipeleka Kabambare. Daktari, mtu wa hasira za karibu, alifoka kwa Kiingereza kwamba wao ni wezi, kwamba yeye hajisalimishi kwa wahuni.

"Anasema nini?" mkubwa akauliza.

Victoire akajibu upesi: "Anasema pole ya kazi, komanda. Hizi iko dawa za batoto tu, hata batoto benu batapata."

Mkubwa alimtazama, kisha akaita nyuma yake. "Hippolyte. Weye ulisoma Kiingereza. Njo vile alisema, ni kweli?"

Akaja kijana mwembamba, na Victoire akamtambua. Alikuwa mwanafunzi wake, aliyetoweka Kasongo mwaka juzi. Mama yake huuza mawese sokoni, na kila Jumamosi humuuliza mwalimu kama amesikia lolote. Darasani hakuna aliyemfikia kwa Kiingereza. Alikuwa ameyasikia matusi yote, na neno lake moja lingetosha kuwaacha wote wawili maiti porini.

Hippolyte alimtazama mwalimu wake, kisha akamgeukia mkubwa.

"Njo vile alisema, komanda. Pole ya kazi."

Mkubwa akaashiria wapite na sanduku lao, na Hippolyte mwenyewe akalisogeza gogo. Pikipiki ya Victoire ilipompita, alisema chinichini bila kuinua macho: "Madame, usiambie mama kama uliniona huku. Umuambie nilikufa."

Walipofika mbali, Daktari alisimamisha pikipiki akauliza kijana yule alisema nini. Victoire alitafuta katika Kiingereza chake chote.

"Ametutakia safari njema," akajibu.

Jumamosi ilikuwa inakuja, na aliiogopa kuliko bunduki.