Kasha la Mlangoni

Kwa miaka sitini na mitatu mlango wa nyumba ya kina Muhdhar, katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, ulizuiwa usijipigepige kwa upepo na kitu kile kile: dude la shaba, zito kama mtoto wa miaka mitatu, kimo chake gotini, chini pana na juu jembamba. Kichwani lilikuwa na pete mbili zilizochongwa tarakimu, sufuri mpaka ishirini na mbili, na mshale mdogo ubavuni. Muhdhar mwenyewe, aliyekuwa mpiga mbizi bandarini pale Liwatoni, alilitoa chini ya maji siku alipokwenda kunasua nanga, akalibeba begani mpaka nyumbani. Watoto wakamuuliza ni kitu gani. Akacheka, akawaambia, "Hili kasha langu. Atakayejua tarakimu zake atalifungua."

Akafa bila kumwambia mtu kama alikuwa akifanya mzaha.

Basi watu wakawa wanazizungusha zile pete, tangu yeye yu hai na hata baada yake. Walijaribu tarehe ya kuzaliwa kwake, tarehe ya ndoa yake, siku na mwezi wa kuhiji kwake. Wageni waliokuja kula pilau ya Idi walijaribu kabla ya kunawa mikono. Watoto wa mtaa walijaribu walipotumwa kuazima chumvi. Na kila Alhamisi Bibi Zubeida, mjane wa Muhdhar, alilisugua kasha kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa kama dele la kahawa, kisha akalirudisha kizingitini.

Hiba, mjukuu wao, alilizungusha kuliko wote. Utotoni alikaa pale mchana kutwa, sikio juu ya shaba, akingojea kusikia kitu kikiachia.

Sasa Hiba alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kutegua mabomu ya ardhini huko Sudan Kusini. Nyumbani hawakuipenda kazi hiyo. Wageni walipouliza, ami yake Idarus alijibu kwamba msichana yuko "katika mambo ya misaada," akabadilisha mazungumzo. Lakini Hiba alikuwa ameona mama mmoja akilima shamba ambalo hakuthubutu kulikanyaga kwa miaka kumi na moja, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kumshawishi atafute kazi nyingine.

Juma moja yeye na wenzake walikuwa darasani, wakifundishwa makombora ya zamani. Mwalimu akaonyesha picha ukutani, na Hiba akaacha kuandika. Pete mbili. Sufuri mpaka ishirini na mbili. Mshale. Lilikuwa kombora la mzinga wa meli, na zile tarakimu zilikuwa za saa ya kulilipua likiwa hewani.

Akatoka nje, akapiga simu nyumbani. Ami Idarus alimsikiza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, kazi imekuchosha. Njoo upumzike."

Hiba alifika Jumamosi asubuhi, mkoba ungali begani. Mlango ulikuwa ukijipigapiga kwa upepo. Kizingitini hapakuwa na kitu.

Alilikuta uani. Kasha lilikuwa limelazwa juu ya matofali mawili, hatua nane kutoka kisimani, na kando yake alisimama fundi Tsofa wa Shimanzi na mitungi yake miwili ya gesi ya kukatia vyuma. Ami Idarus alikuwa amevaa kanzu safi kana kwamba anangojea wageni. Bibi Zubeida aliketi kwenye kiti chake cha kamba mlangoni mwa jikoni, tasbihi mkononi.

"Asalam aleikum," Hiba alisema, asiitambue sauti yake.

"Waleikum salam," ami yake alijibu. "Umekuja wakati mwema. Leo twafungua."

"Ami, nilikuomba usilishike."

"Na mimi nikakuomba upumzike. Jumanne tuna kesi, Hiba. Yule mfanyabiashara amekuja na karatasi zake, asema nyumba hii aliuziwa na binamu yetu tusiyemwona tangu zamani. Hakimu ataka hati. Hati haimo kabatini, haimo sandukuni, haimo chini ya magodoro. Basi imo wapi kama haimo humu?"

"Humu mna baruti."

Fundi Tsofa akacheka. "Dada, mimi nimekata makontena, nimekata matangi ya malori. Hiki kijitungi cha shaba ndicho kitakachonishinda?"

"Fundi, umewahi kukata kitu usichojua ndani mna nini?"

"Kila siku."

"Leo itakuwa siku ya mwisho."

"Ya kukata, ama ya mimi?"

"Zote mbili."

Tsofa hakucheka tena. Alimtazama Idarus, akalitazama kasha, akajikuna shingo. "Bwana, huyu dada asema kweli ama vipi?"

"Huyu ni mtoto," Idarus alisema. "Sisi tumelala na kasha hili miaka sitini. Limezungushwa na mtaa mzima. Limeangushwa na watoto. Lingekuwa bomu, Mji wa Kale ungebaki? Washa."

"Halikulipuka kwa sababu lilingojea mshtuko wa mzinga," Hiba alisema. "Kuzungusha hakutoshi kuliamsha. Lakini moto haungojei kitu, ami. Moto ukishika ile shaba, nyumba hii haitakuwa na haja ya hati."

"Nani amekutuma?" Idarus sasa alipandisha sauti. "Siku tatu kabla ya kesi, waja kutoka huko ulikotoka kutuzuia tusifungue! Yule mtu amekupa nini?"

Neno lile lilimchoma. Hiba alihisi machozi yakija, akayakasirikia, nayo yakarudi. Tsofa, kwa kutojua afanye nini, alikuwa ameinama kuufungua mtungi kwa spana, kwani mitungi ya namna ile haifunguki bila spana yake. Hiba alipiga hatua tatu, akaiweka mikono yake juu ya ile ya fundi, akaukaza mtungi ukafungika kabisa. Kisha akaivuta spana, akaenda nayo kisimani, akaiachia.

Ikachukua muda kufika. Wote wakaisikia ikitumbukia.

"Spana yangu!" Tsofa alilia.

"Nitakununulia nyingine, kaka. Utakuwa hai kuitumia."

"Wewe!" Idarus alinyanyua mkono, ukabaki hewani. "Nyumba ya baba yangu, wanivunjia heshima mbele ya fundi?"

"Nivunjie wewe mifupa ukitaka, ami. Lakini moto hauwaki hapa. Hauwaki maadamu nimesimama." Akarudi, akasimama kati ya mitungi na kasha.

Akamgeukia bibi yake, akapiga magoti mbele ya kiti, akamwonyesha picha kwenye simu. Bibi Zubeida aliishika simu kwa mbali, akakunja macho. Mtu ambaye kwa miaka sitini amezisugua tarakimu kwa ncha ya ukucha, moja baada ya moja, hana haja ya kuelezwa. Kidole chake kilipita juu ya kioo: sufuri, mbili, nne. Kikafika kwenye mshale, kikasimama.

"Ndilo," alisema taratibu. "Subhanallah. Muhdhar, mume wangu, umenilaza na nini?"

"Bibi, lazima tutoke. Sote, na majirani."

"Na hati?"

Hiba angeweza kumdanganya. "Sidhani kama imo. Lile halijafunguliwa tangu lilipotoka kiwandani. Babu alifanya mzaha tu."

Bibi aliirudisha simu, akaitia tasbihi mfukoni. Kisha akavuta buibui lake, akasema, "Idarus, nishike mkono. Twatoka."

"Mama, nawe umemwamini?"

"Nimekuzaa wewe, nikamlea huyu. Wewe wataka liwe kasha. Huyu hataki kitu isipokuwa tupone. Nishike mkono."

Hiba aliichana leso moja nyekundu ya bibi yake vipande virefu, akavining'iniza kwenye kamba za nguo, akazifunga ng'ambo hadi ng'ambo ya kichochoro, huku na huku ya nyumba. Akawapigia simu polisi, kisha akagonga mlango kwa mlango. Wengine walitoka na watoto, wengine na redio, wengine na maneno. Fadhiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, alitoka na sufuria ya mbaazi ikifuka moshi.

"Enyi, tazameni!" alisema. "Kina Muhdhar wamekosa hati, sasa watutia hofu kwa kile kidude chao cha mlangoni! Hiba, wewe si ndiwe uliyekuwa ukikibusu kwa kukosa mwanasesere?"

"Ndimi, bi Fadhiya. Nyuma ya leso, tafadhali."

"Na mbaazi zangu zikiungua?"

"Umezibeba mkononi."

Watu wakacheka, na katika kucheka wakarudi nyuma ya kamba. Mwanamume mmoja akasema ana shughuli zake, hawezi kuzuiwa na msichana. Hiba akasimama mbele yake, mikono chini, asimguse. "Kule nilikotoka nimewazuia wanajeshi. Wewe nitakuzuia pia." Yule mtu akaitazama ile leso, akamtazama yeye, akaona shughuli zake zaweza kungoja.

Polisi wa mabomu walifika karibu na adhuhuri. Kiongozi wao, mwanamke mnene mpole aliyeitwa Joy, aliingia uani pamoja na Hiba huku maneno ya mzaha yakiwa bado mdomoni. Alichuchumaa. Alizisoma tarakimu moja moja bila kuzigusa.

"Nani amezizungusha hizi pete?"

"Sote," Hiba alijibu.

"Sote nani?"

"Mtaa mzima, afande. Miaka sitini."

Joy aliinua viganja vyake kama mtu anayesoma dua, ingawa yeye alikuwa wa kanisani. Kisha akaita wenzake walete sanduku la mchanga.

Walilipeleka bara, kwenye timbo la mawe lisilotumika tena, mbali na nyumba za watu. Idarus alisisitiza kwenda. Alikaa nyuma ya tuta kando ya Hiba, kanzu imejaa vumbi jeupe, akijisemea kwamba wataona, wataona nani mjinga. Joy aliitega baruti yake kando ya kasha, akarudi nyuma ya tuta, akahesabu.

Ardhi iliruka chini yao. Sauti ilikuja baada, si moja bali mbili zilizopandana, na mawe yakanyesha timboni muda mrefu kuliko walivyotarajia.

"Baruti yetu ilikuwa ndogo kama ngumi," Joy alisema. "Hayo mengine yote yalikuwa ya kasha lenu."

Idarus alikuwa akiitazama mikono yake. "Mwaka wa themanini na nne," alisema, "nililizungusha kila siku baada ya Isha. Nililipiga kwa nyundo mara moja. Kidogo tu, nisikie kama ni tupu." Akaugeuza uso wake. "Nimekwambia maneno mabaya, mwanangu."

"Ulikuwa ukiitetea nyumba, ami."

"Na wewe je?"

Waliporudi, kichochoro kizima kilikuwa bado nyuma ya leso. Hakuna aliyethubutu kuipita. Wanaotegua mabomu wana desturi yao: uwanja ukishasafishwa, hauonyeshwi kwa kidole tu. Aliyesafisha huutembea kwanza, mbele ya wenyewe, kwa miguu yake. Hiba alivua viatu. Aliifungua leso, akavuka kizingiti, akapita ukumbini, akazunguka uani, akasimama pale kwenye matofali mawili, akapanda ngazi, akafungua kila dirisha la juu. Watu walimwona akitokea dirisha moja baada ya jingine. Kisha akashuka, akampa bibi yake mkono.

"Ni yako, Bibi. Ingia."

Bibi Zubeida aliingia. Hakulia mpaka alipofika kizingitini na kupaona pale patupu.

"Sasa Jumanne tutampa hakimu nini?" Idarus aliuliza.

Fadhiya alikuwa bado na sufuria yake. "Mimi nililizungusha siku niliyotumwa kuleta sahani ya arusi ya dada yangu," alisema ghafla. "Mwaka wa sabini na sita. Nilikuwa na miaka tisa. Muhdhar alikuwa hapa hapa barazani, akanipa tende."

"Mimi nililizungusha siku ya mazishi yake," mzee mmoja akasema.

"Mimi, mwaka ule wa mvua kubwa. Tulilihamisha juu lisichukuliwe na maji."

Yule mwanamume wa shughuli akainua mkono kama mwanafunzi. "Nami. Lilinibana kidole. Alama hii hapa."

Hiba aliwatazama mmoja mmoja. Akafungua mkoba, akatoa daftari lake la kazini, lile anamoandika kila kilichopatikana, mahali na siku. "Semeni tena," alisema, "polepole. Jina, na mwaka. Nani alifungua mlango, nani alikuwa ndani. Jumanne mtayasema hayo mbele ya hakimu, ajue ni nani waliokaa nyumba hii miaka yote?"

"Kwani kuna wa kutuzuia?" Fadhiya alisema. "Labda wewe na leso yako."

Waliandika mpaka Magharibi. Yalikuwa majina thelathini na manne, na fundi Tsofa, aliyerudi kuulizia spana yake, akataka kuandikwa pia; akaambiwa yeye alikuja leo tu, akanung'unika.

Upepo ukaupiga mlango tena. Hiba akaenda uani, akachukua tofali moja kati ya yale mawili, akalipaka chokaa pande zote. Katika kazi yake, jiwe jekundu humwambia mtu simama, na jeupe humwambia pita. Akaliweka kizingitini chokaa ikiwa bado mbichi, na mlango wa kina Muhdhar ukabaki wazi.