Saa Yako Iko Nyuma

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Mimi nilikwenda, mwenyeji akaugua, na mpaka leo wapo wanaongoja nipige magoti.

Nina stashahada ya kompyuta na kibanda cha ufundi mjini Mbarara, upande wa kwenda kambi ya jeshi ya Makenke. Wateja wangu wengi ni wanajeshi na wake zao. Wakiniambia "simu iko mbaya", huwajibu kwamba simu ni mbovu, ubaya ni wa watu. Wanacheka, na safari ijayo wanasema vizuri. Nakivale, kambi ya wakimbizi, ndiko nilikokulia, kwa hiyo Sidonie aliponipigia kutoka huko sikuuliza njia.

"Dada Teta, mashine ya kanisa inafungua fasi zingine, zingine inakatala," alisema. Fasi kwao ni mahali. "Ile ninataka mimi ndiyo inakatala."

Alichotaka ni barua pepe za mumewe, Byamungu. Huyo ndiye aliyewafundisha vijana kompyuta katika chumba cha nyuma ya kanisa. Mwaka jana alivuka kurudi milima ya Minembwe, Kongo, kumtafuta baba yake, na simu yake ikanyamaza. Neno lake la siri hakulijua mtu ila yeye na ile mashine, maana alikuwa amelihifadhi ndani ya kivinjari.

"Nataka kujua kama niko bibi ya mutu ao niko mujane," Sidonie alisema. "Basi."

Nilifika kwa pikipiki kutoka Kaberebere. Kwenye ngazi ya chumba alikaa mama yake Byamungu, Mama Nyirabizimana, mfagizi wa kanisa na mwenye funguo zake, ufagio umelala magotini.

"Karibu, binti. Umekuja kuponya mashine?"

"Kuitengeneza, mama."

"Haigonjwe," alisema, akanipisha.

Ndani, nusu ya sakafu iling'aa kwa kufagiwa. Nusu ya pili, kuanzia kwenye kiti cha mwalimu hadi mlangoni, ilikuwa na vumbi jekundu nene kama blanketi. Juu ya vumbi hilo zilipita nyayo za viatu vya mwanamume, zote zikielekea nje. Hakuna aliyezikanyaga.

"Zunguka, dada," Sidonie alininong'oneza. "Mutu akisafiri, habafagie fasi alitokea mupaka tusikie kama alifika. Mama anachunga."

Desturi hiyo naijua. Kwetu walikuwa wakiacha kufagia mpaka jioni. Vumbi la miezi sikuwahi kuliona.

Nilizunguka, nikaketi kwenye benchi la pembeni. Ukurasa wa matokeo ya mpira ulifunguka. Wa redio moja ya zamani ukafunguka. Wa barua pepe ukakataa, wa benki ukakataa, na mingine yote yenye alama ya kufuli. Nilifuta kumbukumbu za kivinjari, nikajaribu kivinjari kingine, nikaunganisha mtandao wa simu yangu. Hali ni ile ile. Kioo kilitoa maneno manne, kwa Kiswahili, kwa sababu Byamungu alikataa mashine yake isome lugha nyingine: *Saa yako iko nyuma.*

"Inaniambia vile kila siku," Sidonie alisema. "Pasta Eliezeri akaangalia saa ya ku ukuta. Ikakuwa moja tu na ya mashine. Nikasema labda ni mimi. Labda nilichelewa."

Saa ilikuwa sawa kweli, dakika kwa dakika. Tarehe ilijificha nyuma yake mpaka uibofye. Nikabofya. Jumatatu, tarehe nane Septemba.

"Tarehe nane Septemba kulikuwa nini?"

Sidonie alikaa chini polepole. "Ndiyo siku alienda."

Nikafungua historia ya kivinjari. Kila alichotafuta kila mtu tangu mwaka jana, nyimbo za kwaya, bei ya maharage ya Rugaaga, dawa ya mbuzi, yote yaliandikwa Jumatatu hiyo hiyo. Siku moja, ndefu kama nyoka, isiyokuwa na Jumanne. Nikashusha na kushusha, kidole kikachoka, siku haikuisha.

Kabla sijarekebisha kitu, mvua ikafunga, umeme wa jua ukaanguka, mashine ikazimika.

Nilimweleza Sidonie nilichoamini: ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, inayoikumbusha tarehe ikizimwa. Ikifa, mashine inasahau. Na tovuti zenye kufuli huonyesha cheti cha usalama chenye tarehe. Mashine iliyokwama nyuma hukiona cheti hicho kama cha kesho isiyofika, ikakataa. Sikumwambia kilichonisumbua. Betri ikifa, mashine hurudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Hairudi kwenye siku ambayo mtu ameondoka.

Niliibeba hadi Mbarara, nikaweka betri mpya. Kibandani ilitembea na siku kama sisi wote. Barua sikuzigusa, zilikuwa za kufunguliwa mbele ya mkewe. Nikairudisha Nakivale jioni moja, nikaiweka mezani, nikalala kwa Sidonie.

Asubuhi tuliiwasha. *Saa yako iko nyuma.* Jumatatu, tarehe nane Septemba.

Sidonie alianza kusali kwa sauti ya chini. Ndipo nikaona ufagio umeegemezwa mlangoni, na Mama Nyirabizimana amesimama kando yake.

"Ni mimi ninaweka," alisema.

"Mama?"

"Mwanangu alinifundisha kitu kimoja tu mu hii mashine. Kila asubuyi ilikuwa inasahau siku. Akasema, mama, weye ndiyo unafungua mulango wa kwanza, ikumbushe leo ni lini. Nikaikumbusha. Alipoenda, nikaona: siku yake ikiisha, itabidi nifagie. Basi haiishe."

"Mama, na mimi?" Sidonie alisema. Hakupaza sauti. "Mulinifungia mu siku moja. Mutoto ananiuliza baba atarudi lini, ninamujibu leo. Kila siku leo."

"Mwanangu alikuambia leo ni mubaya?"

"Hakuniambia kitu. Ndiyo maana ninataka kusoma."

Mama alinigeukia. "Binti, weye ni wa kwetu. Acha."

Sikuacha. Niliweka tarehe ya kweli, nikaifunga kwa neno la siri ili asiibadilishe mwingine. Mashine ikaanza kuunguruma, feni imesakamwa na vumbi. Nikaigeuza, nikaipuliza, vumbi jingine likapanda kutoka sakafuni na kuingia tena. Fundi hawezi kuacha mashine ikae katika vumbi la namna hiyo. Nikachukua ufagio. Mama aliutazama mkono wangu, hakuuzuia. Nilifagia kuanzia kwenye kiti mpaka mlangoni, unyayo mmoja baada ya mwingine, nikatupa nje.

Kisha nikafungua barua pepe, na zikafunguka.

Zilikuwa zimepangana kutoka juu mpaka chini, zote kutoka kwa Byamungu kwenda kwa Byamungu. Alijua ni mama yake anayewasha ile mashine alfajiri, nayo hufungua sanduku lake yeye tu. Kila moja ilikuwa ya siku yake, Septemba, Oktoba, Desemba, mpaka alfajiri ya siku hiyo. Kila moja iliingia kabla jua halijachomoza. Kila moja ilikuwa na maneno yale yale, na Sidonie aliyasoma kwa sauti kwa ajili ya mama mkwe wake:

"Mama, ningali mu njia. Musifagie."

Ninajua kwamba barua zinaweza kupangwa mapema zikajituma zenyewe kwa saa ile ile, hata mtu akiwa kaburini. Nilikuwa nafungua kinywa kuwaambia hivyo. Ndipo mstari mpya ukajitokeza juu ya mingine yote, mweusi, haujasomwa, wa dakika hiyo hiyo.

"Nani amefagia?"

Sidonie aliandika: *Ni mimi, Sidonie. Uko fasi gani?* Tuliketi mpaka umeme wa jua ukaisha. Hakuna aliyejibu. Kesho yake hakuna, na alfajiri nyingine zote hazikuleta kitu.

Wiki hiyo Sidonie alikata nywele, akavaa kitambaa cheusi, wakakaa kilio. Mama Nyirabizimana hajainuka kitandani tangu hapo. Hasemi anaumwa wapi. Akiulizwa leo ni siku gani, anageukia ukutani.

Pasta Eliezeri amenipigia. Anataka nisimame mbele ya kanisa niombe msamaha, ili mama apone. Nilimuuliza kama Sidonie naye ameomba hivyo. Akasema hapana, Sidonie sasa analala usiku kucha.

Mashine ilikuwa mbovu, nikaitengeneza. Mwanamke aliuliza swali, akajibiwa. Nilifagia kwa mkono wangu, na ningefagia tena. Siombi msamaha.