Wapiga Hodi wa Jumatano

"Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" aliuliza katekista, akiwa amekaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa.

"Imani," fundi baiskeli akajibu bila kuinua uso. Alikuwa ameuzamisha mpira wa baiskeli ya katekista kwenye karai la maji, akiuzungusha polepole, macho yakitafuta povu.

"Vizuri. Jumapili ukipokelewa kwenye mafundisho ya ubatizo, Padri atakuuliza hivyohivyo mbele ya watu wote. Usije ukaniaibisha, fundi."

Povu likachomoza. Fundi akaliziba kwa kidole.

"Sasa nikuulize mimi, si Padri," katekista akasema, sauti ikishuka. "Mkeo angekuwa hai, ungekuja?"

Kidole kikabaki palepale. Kama hakuja kwa ajili ya Mungu, basi Jumapili atakuwa anamdanganya Mungu nyumbani kwake, tena mchana kweupe.

Maana alikuwa na miaka chungu nzima ya kuingia, na hakuingia. Kila Jumapili alimpakia mkewe kwenye baiskeli, sketi imekunjwa vizuri isinaswe na spoku, mkono wake umemshika kiunoni. Njia nzima walikuwa wakibishana na kucheka. Langoni mkewe alishuka, akajikung'uta vumbi, akauliza, "Leo unaingia?" Naye akajibu, "Niombee tu, mimi nalinda baiskeli." Baiskeli yenyewe hata mwizi angeionea huruma! Zilikuwa Jumapili tamu zile. Angerudishiwa moja tu, asingeomba kitu kingine.

Alipomzika, ndugu walilia, wakala, wakaaga. Nyumba ikawa kimya mpaka akawa anajisemesha mwenyewe akichemsha chai. Kisha jioni ya Jumatano, hodi. Wanajumuiya wa marehemu, waliozoea kusali naye nyumba kwa nyumba kila Jumatano, walijaa mlangoni, mbele yao mama mmoja mzee mwenye sauti kubwa, ambaye watu walimwita Bibi Kengele.

"Jamani, mwenzenu hayupo tena," fundi aliwaambia.

"Kwani tumemuulizia yeye?" Bibi Kengele akajibu, keshaingia, anatafuta pa kukaa. "Hebu sogeza spana zako huko, baba."

Wakasali, wakaicheka chai yake nyepesi, wakaondoka. Jumatano iliyofuata, walipotoka kusali kwa mwenzao mwingine, wakapitia tena. Na iliyofuata. Fundi akaanza kujikuta akifagia tangu mchana.

Jumapili ilipofika alisimama kwenye mlango wa kanisa, shati limepigwa pasi, Bibi Kengele kando yake kama msimamizi. Waumini wote walikuwa wamegeuka kumtazama.

"Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" Padri akauliza.

Neno lilikuwa mdomoni. Likagoma kutoka. Katekista akafumba macho.

"Padri, sitaki kudanganya," fundi akasema. "Nilibaki mimi na kuta. Hawa wakaja wakapiga hodi. Naomba na mimi niwe mmoja wa wanaopiga hodi."

Bibi Kengele akamfinya mkono. "Imani! Sema imani!" akanong'ona, kwa ule mnong'ono wake uliofika hadi altareni.

"Na imani, Padri. Kama ipo ya kunitosha."

Watu wakaangua kicheko. Padri hakucheka. Alinyoosha kidole gumba na kumchora alama ya msalaba kwenye paji la uso, taratibu.

"Ingia, fundi," alisema.

Jumatano iliyofuata, baada ya sala, jumuiya ilikwenda kwa mwashi mmoja aliyekuwa amemzika mama yake wiki iliyopita. Mlango ulikuwa umefungwa. Taa haikuwa imewashwa bado. Bibi Kengele, ambaye hakuwahi kukubali kuwa nyuma ya mtu, alirudi nyuma ya wote.

"Haya," alisema. "Unangoja nini?"

Fundi alijifuta viganja kwenye suruali, ingawa alikuwa ameshanawa. Akakohoa kidogo.

"Hodi," aliita.

Ndani, kiti kikasogezwa.